Mtoto wa Ndimi Mbili na Mwalimu Wake wa Kwanza



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na akamfunza kubainisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, Mola wetu ametaja kutafautiana kwa ndimi zetu pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi, na yote hayo akayahesabu kuwa ni ishara kwa wenye kujua. Aya hii husomwa sana katika mawaidha ya kuwakumbusha watu wazima wasidharauliane kwa makabila. Ni nadra kuipeleka kwenye chumba cha chekechea, nako ndiko inakohitajiwa zaidi. Huko hukaa mtoto wa miaka minne juu ya mkeka, na kwa mara ya kwanza katika uhai wake anamsikia mtu mzima akimwamrisha kwa maneno asiyoyafahamu.

Makala haya yanamhusu mtoto huyo, na yanamhusu zaidi mwalimu wake. Tumeyaelekeza Nakuru na sehemu ya kati ya Bonde la Ufa kwa kuwa jamaa zetu wengi wa pwani wamehamia huko kwa kazi, biashara na ndoa, na watoto wao wanakulia mbali na Kiswahili cha nyanya zao. Tena ni sehemu ambayo ndimi nyingi mno zimekusanyika mahali padogo. Mwalimu wa chekechea akiweza kazi yake Nakuru, ataiweza popote katika Kenya.

Mji wa ndimi nyingi

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 mahali pale pakatangazwa kuwa mji. Walioijenga na kuifuata reli walikuwa Wahindi, Waswahili waliokuwa wapagazi na wafanyabiashara, na askari wa Kinubi waliotokea Sudan. Kisha masetla wa Kizungu wakatwaa mashamba makubwa, na vibarua wakaletwa kutoka kila upande: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Waluo, Wakisii, Waturkana. Bwana na kibarua hawakuwa na lugha moja, wakaunda Kiswahili chao cha amri na hesabu ambacho watu walikiita Kisetla. Baada ya uhuru mashamba yale yaligawanywa, na jamii zikawa jirani kwa jirani. Siku hizi mashamba ya maua ya Naivasha yanaendelea kuwavuta vijana kutoka magharibi mwa nchi, Nyanza na kwingineko. Nakuru yenyewe ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na kaunti yake ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2 katika sensa ya mwaka 2019.

Basi mwalimu wa chekechea wa Kaptembwa, Rhonda, Bondeni au Karagita ya Naivasha akiita majina asubuhi, aweza kuwa na watoto wa lugha sita au saba mbele yake. Akipanda kuelekea msitu wa Mau atawakuta watoto wa Ogiek, ambao lugha yao ina wasemaji wachache na inazidi kumezwa na lugha za jirani. Akielekea Eldama Ravine atakuta familia za Kinubi ambazo bado zinasema Kinubi, lugha iliyozaliwa kutokana na Kiarabu cha askari wa Sudan.

Mtoto wa Kiislamu katika mji huo ana mzigo wa ziada, au tuseme ana hazina ya ziada, kutegemea atakavyopokewa. Nyumbani anasema Kisomali, Kiborana, Kinubi, Kikuyu au Kiswahili cha Mombasa. Mtaani anasikia Kiswahili cha Nakuru. Shuleni anadaiwa Kiingereza. Alasiri anakwenda madrasa au duksi akakutane na herufi za Kiarabu, ambazo huandikwa kuanzia kulia, ilhali asubuhi alifundishwa kuanzia kushoto. Haya yote yanamjia kabla hajatimiza miaka sita.

Sheria inasema nini, na madarasa yanafanya nini

Watu wengi hudhani kwamba Serikali ndiyo iliyoamuru Kiingereza tangu chekechea. Sivyo. Mnamo mwaka 1976 kamati iliyoongozwa na Bwana Gachathi ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule katika miaka ya mwanzo ya msingi. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini mwezi Januari 2019 umeshika njia hiyohiyo: katika miaka miwili ya chekechea na gredi tatu za kwanza, lugha ya kufundishia iwe ni ile inayotumika katika eneo la shule. Mjini, ambako jamii zimechanganyika, lugha hiyo ni Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, ikakifanya yeye na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na ikaiwajibisha dola kukuza na kulinda lugha zote za wananchi.

Hata hivyo, ukipita nje ya chekechea nyingi za binafsi mjini utasikia watoto wakiimba Kiingereza tangu juma la kwanza. Wazazi ndio wanaokitaka. Wao huona kwamba mtihani ni wa Kiingereza, kazi nzuri ni ya Kiingereza, na shule ya msingi inayosifiwa humhoji mtoto kwa Kiingereza kabla ya kumpokea. Hatuwalaumu kwa kuwatakia watoto wao kheri. Tunasema tu kwamba njia waliyoichagua haiwafikishi wanakokwenda, na dalili zake tutazitaja.

Katiba hiyohiyo, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea. Walimu wa shule za msingi za umma wanaajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu, lakini wale wa chekechea za umma wanaajiriwa na kaunti. Kwa hiyo swali la nani atamfunza mwalimu wa Nakuru namna ya kumlea mtoto wa ndimi mbili lina pa kupelekwa. Liko karibu nasi, katika ofisi za kaunti na mikutano ya bajeti ambayo mwananchi ana haki ya kuhudhuria.

Neno la Kihabeshi

Kabla ya kuwaendea wataalamu, tuangalie mwenendo wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Imam Bukhari amepokea habari za Ummu Khalid, binti wa Khalid bin Said. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa waliohama Makka kwenda Uhabeshi kwa kuikimbia dhuluma, naye alizaliwa na kukulia huko. Familia iliporudi, binti huyu bado mdogo, aliletwa mbele ya Mtume akiwa amevaa nguo ya rangi. Mtume akaisifu nguo yake kwa kumwambia: sanah, sanah. Neno hilo si la Kiarabu, bali ni la Kihabeshi, na maana yake ni nzuri.

Tufikirie jambo hili kwa makini. Kiongozi wa umma, fasihi kuliko Waarabu wote, aliyeteremshiwa Qur'ani kwa Kiarabu kilicho wazi, aliinama kwa mtoto mgeni akamtafutia neno moja kutoka lugha aliyokulia. Hakumsahihisha wala hakumtaka kwanza ajifunze Kiarabu ndipo aongeleshwe. Neno lile moja lilimtangazia mtoto kwamba hapa amefika kwao. Naye hakulisahau, kwani ni yeye mwenyewe aliyelisimulia alipokuwa mtu mzima.

Wala mafunzo hayo hayakumaanisha kwamba lugha ya pili haina haja. Mtume huyohuyo alimwamuru kijana Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu kwa muda wa nusu mwezi. Kwa hiyo Sunna imekusanya mambo mawili: kuiheshimu lugha ambayo mtoto amekuja nayo, na kumhimiza ajifunze nyingine yenye manufaa. Mwalimu mwema ni yule anayeyafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Jambo hilo halimjii mtu kwa huruma peke yake, ni ujuzi unaofunzwa.

Ukimya si ujinga

Jambo la kwanza ambalo mwalimu wa chekechea anapaswa kulijua ni kwamba mtoto anayeingia katika lugha mpya aghalabu hunyamaza. Hunyamaza kwa majuma, na pengine kwa miezi. Anasikiliza, anaangalia midomo, anafuata wenzake wanapoinuka na kukaa. Akili yake inafanya kazi kubwa ambayo haionekani. Mwalimu asiyefunzwa huandika katika ripoti kwamba mtoto huyu ni mzito, naye mzazi akiisoma huanza kumtazama mwanawe kwa jicho jingine. Mara ngapi mtoto aliyekuwa msemaji mkubwa kwa nyanya yake amebandikwa jina la bubu shuleni!

Jambo la pili ni kuchanganya. Mtoto akisema sentensi iliyoanza kwa Kisomali, ikapitia Kiswahili na kuishia kwa Kiingereza, hajachanganyikiwa. Anatumia kila alichonacho ili aeleweke, na kadiri msamiati wake unavyokua atajua lipi ni la wapi. Mwalimu hana haja ya kumkata. Inatosha kuirudia sentensi ile kwa utulivu katika lugha ya darasa, na mtoto ataipokea.

La tatu ni kupambanua kuchelewa kwa lugha na ugeni wa lugha. Hapa mama ndiye shahidi. Ikiwa mtoto nyumbani husema vyema, hutania, huomba na huhadithia, basi kimya cha shuleni ni cha ugeni. Lakini ikiwa hasemi ipasavyo katika lugha yoyote, hata ile ya mama, au hageuki anapoitwa kwa nyuma, basi apelekwe hospitali apimwe masikio na hali yake, wala asingojewe mpaka aingie gredi ya kwanza. Mwalimu asiyemuuliza mama hawezi kulijua hili.

La nne ni kwamba kusema na kusoma ni mambo mawili. Mtaalamu Jim Cummins wa Canada alionyesha kwamba mtoto huweza kuzungumza lugha mpya na wenzake baada ya kiasi cha miaka miwili, lakini lugha ya masomo, yaani ya kueleza, kulinganisha na kutoa sababu, humchukua miaka mitano hadi saba. Mzazi anayefurahi kwamba mwanawe wa miaka mitano anasema Kiingereza cha salamu na nyimbo, na kwa hivyo akaiacha lugha ya nyumbani, ameubomoa msingi kabla ukuta haujasimama.

Ushahidi wa wengine

Zamani wengi waliamini kwamba lugha mbili zinamchosha mtoto. Mwaka 1962 watafiti Elizabeth Peal na Wallace Lambert walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa miaka kumi mjini Montreal. Wale waliozijua vizuri lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza, walifanya vyema katika majaribio ya akili kuliko wale wa lugha moja. Tokea hapo imani ile ya zamani ilianza kuporomoka.

Barani Afrika tuna ushahidi wa ndugu yetu Muislamu, marehemu Profesa Aliu Babatunde Fafunwa wa Nigeria. Mwaka 1970 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife walianzisha mradi ambao watoto walifundishwa masomo yote ya msingi kwa Kiyoruba kwa miaka sita, na Kiingereza kikafundishwa kama somo na mwalimu aliyekijua vyema. Watu walitabiri kwamba watoto wale wataachwa nyuma. Mwisho wake walifanya vizuri kuliko wenzao katika masomo, na katika Kiingereza hawakuwa nyuma yao. Aliyejifunza kufikiri kwa lugha anayoielewa huhamia nyingine akiwa na mizigo yake. Aliyeanza kwa lugha asiyoielewa huhamia mikono mitupu.

Na sisi wa pwani tunalijua hili bila kuambiwa. Mwalimu wa chuoni humfundisha mtoto Kiarabu kwa Kiswahili: alifu ni kijiti kilichosimama, be ina nukta moja chini, te ina mbili juu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, alikuwa bingwa wa Kiarabu. Juu ya hivyo, alipotaka kuwazindua watu wake katika miaka ya 1930, aliandika magazeti yake Sahifa na Al-Islah kwa Kiswahili ili wamfahamu. Ikiwa dini yenyewe hubainishwa kwa lugha ya watu, kama tunavyofahamu kutoka Surat Ibrahim, aya ya 4, hesabu na usafi wa mikono vitashindwaje?

Kinachopotea

Wako wazee wanaokumbuka kibao au kigae kilichotungikwa shingoni mwa mtoto aliyepatikana akisema lugha ya kwao shuleni, naye akakipitisha kwa mwenzake atakayemnasa. Adhabu hiyo ilimfunza mtoto mambo mawili: kuwa mpelelezi wa rafiki yake, na kumwonea haya mama yake. Kibao kimepungua, lakini haya ile bado ipo. Ipo pale mwalimu anapocheka matamshi ya mtoto mbele ya darasa, au anapomwambia mama langoni aache kusema kikwao na mwanawe.

Mama wa watu hutii. Naye ikiwa Kiingereza chake ni kidogo, basi huanza kumlea mtoto kwa maneno machache ya kuamrisha: njoo, kaa, kula, nyamaza. Hadithi hukatika, na mafumbo, methali na dua za kulala hukatika pamoja nazo. Baada ya miaka michache nyanya akija kutoka Lamu au Garissa hakuna wa kumhadithia, kwani mjukuu hamwelewi. Hapo familia imepoteza njia ambayo adabu na dini hupitia kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo. Shule haiwezi kuirudisha njia hiyo.

Nakuru kuna hasara nyingine ambayo hatuwezi kuinyamazia. Mwezi Januari 2008, Nakuru na Naivasha zilipoingia katika machafuko ya baada ya uchaguzi, lugha ya mtu ilitosha kumtambulisha kuwa ni wa upande gani, na wengine waliuawa au kufukuzwa kwa hilo. Watoto waliokuwa chekechea mwaka ule sasa ni watu wazima. Mtoto anayefunzwa akiwa na miaka minne kwamba lugha ya jirani ni kitu cha kuchekwa, hatuna uhakika atafanya nini akiwa na miaka ishirini. Na yule aliyesalimiwa na darasa zima kwa lugha ya mama yake, akajifunza naye kuwasalimia wenzake kwa zao, amekinga moyo wake mapema.

Mafunzo yaliyokwisha kufanikiwa

Kumfunza mwalimu wa mtoto mdogo si jambo geni kwetu. Mwaka 1984 Kenya ilianzisha kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo katika iliyokuwa Taasisi ya Elimu ya Kenya, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya vikaanza. Walimu walikuwa wakifunzwa wakati wa likizo huku wakiendelea na kazi, na wakufunzi wakiwatembelea madarasani. Mpango huo ulihimiza pia kukusanywa kwa hadithi, nyimbo na michezo ya kila jamii.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani waliomba msaada kwa kuwa watoto wetu walikuwa wakibaki nyuma katika kuingia shule. Mfuko wa Aga Khan ukamwajiri mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Yeye alianza katika jamii zenyewe, akawachukua wanawake wa papo hapo, wengi wao wakiwa na elimu ya kadiri, akawafunza kulea na kusomesha. Vifaa vilikuwa makombe ya pwani, vifuu, mbegu na vitambaa. Nyimbo na hadithi zilikuwa zile ambazo mtoto alizijua tayari, na dini na elimu ya skuli zikakaa chumba kimoja. Mpango ukavuka kwenda Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na chekechea zake zikapita 200. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Peter Mwaura pamoja na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford ulionyesha kwamba watoto wa chekechea hizo walipiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko wenzao.

Kisha kuanzia mwaka 2015 mpango wa Tusome uliwapa watoto wa madarasa ya mwanzo ya shule za msingi vitabu vya Kiswahili na Kiingereza, na ukawatuma maofisa wa elimu wakae darasani, wamtazame mwalimu akifundisha, kisha washauriane naye. Tusome haukuwa wa chekechea, wala haukushughulika na lugha nyingine za nyumbani, lakini umetufunza jambo moja. Mwalimu habadiliki kwa semina ya siku mbili hotelini. Hubadilika anapotembelewa darasani mwake, akaonyeshwa, akajaribu, na akatembelewa tena.

Mwalimu wa Nakuru afunzwe nini

Hapa wengine watauliza: mwalimu mmoja atazijuaje lugha saba? Hatakiwi kuzijua. Anatakiwa kujua namna ya kuzipa nafasi. Tena tahadhari iwepo, kwani lugha ya eneo isije ikageuzwa kuwa lugha ya wengi tu. Darasa la Nakuru likiendeshwa kwa Kikuyu au Kikalenjin kwa sababu ndio wengi, mtoto wa Kiturkana au Ogiek atakuwa mgeni mara mbili. Kiswahili ndiyo sebule ya nyumba hii, na kila mtoto aruhusiwe kuingia na cha kwao.

Tunaona mafunzo hayo yawe na mambo yafuatayo.

Kwanza, mwalimu afunzwe kumuuliza mzazi siku ya kuandikisha: mtoto anasema lugha gani, na nani, na analiitaje haja, maji, maumivu na mama. Maneno manne au matano ya kila lugha, yakiandikwa daftarini, yanatosha kumtuliza mtoto juma la kwanza. Hiyo ndiyo sunna ya neno la Kihabeshi.

Pili, afunzwe kusema kwa vitendo: kushika kitu na kukitaja, kuonyesha kwa mikono, kurudia ratiba ileile kila siku ili mtoto ajue kinachofuata hata kabla ya kuelewa maneno.

Tatu, afunzwe kusoma hadithi fupi kwa sauti mara kadhaa katika juma moja, kwa kuwa mara ya kwanza mtoto huangalia picha, mara ya pili hudaka maneno, na mara ya tatu husema pamoja naye. Wazazi waalikwe kuja kuhadithia kwa lugha zao, na mwalimu aeleze kwa Kiswahili.

Nne, afunzwe kuwaweka pamoja watoto wawili wa lugha moja ili mwenyeji amsaidie mgeni, kisha kuwachanganya na wengine wakati wa mchezo, kwani mtoto hujifunza lugha upesi zaidi kwa mwenzake anayetaka kucheza naye.

Tano, afunzwe kumpima mtoto kwa anachokielewa na kukitenda, wala si kwa Kiingereza anachokitamka. Anayepanga vifuniko kumi kwa ukubwa anajua kulinganisha, hata kama hana neno la kulisema.

Mafunzo hayo yawafikie pia walimu wa madrasa na duksi, ambao aghalabu husahauliwa. Mtoto ni mmoja asubuhi na alasiri. Ustadhi na mwalimu wa chekechea wakikutana hata mara moja kwa muhula, wanaweza kukubaliana jambo dogo kama kumwekea mtoto alama ya rangi upande wa kuanzia kuandika, kulia kwa Kiarabu na kushoto kwa Kiswahili, nalo likamwondolea machozi mengi. Na mtoto anayehifadhi sura fupi aelezwe maana yake kwa lugha anayoielewa, japo kwa sentensi moja.

Kazi ya mama na ya msikiti

Dada zetu na mama zetu, msiache kusema na watoto wenu kwa lugha mnayoijua vizuri kuliko zote. Ndiyo lugha ambayo mtajibu kwayo maswali yao elfu. Hadithieni, hesabuni ngazi na vitunguu, wafundisheni majina ya jamaa na heshima zake. Kiingereza na Kiswahili cha shuleni vitawakuta wana wenu wakiwa na akili iliyozoea maneno. Na mkienda kumwandikisha mtoto, muulizeni mwalimu: mtoto asiyejua lugha ya darasa mnampokeaje? Jawabu lake litawaonyesha mengi kuliko rangi ya jengo.

Nanyi wenye misikiti na jumuiya zetu za Nakuru, Naivasha, Gilgil na Molo, kaunti inapokusanya maoni ya wananchi juu ya bajeti, mtu wenu awepo, na neno lake liwe mafunzo ya walimu wa chekechea kazini, si majengo peke yake. Na palipo na mwanamke kijana mwenye moyo wa watoto, jumuiya imlipie masomo ya ualimu. Bi Swafiya alianza na wanawake wa namna hiyo.

Lugha ni amana ambayo mtoto hupewa na mama yake kabla hajaweza kuomba. Mwalimu akiipokea kwa heshima, huongezea nyingine juu yake. Akiipokea kwa dharau, mtoto ataitupa njiani ili apendwe, na kuirejesha ni kazi ngumu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape walimu wa watoto wetu subira na elimu yenye manufaa, azifungue ndimi za wana wetu kwa kheri, na azijaalie tafauti zetu kuwa sababu ya kujuana. Wabillahi tawfiq.